Anachowalisha Ng'ombe Shemeji

Jumatatu, 5 Machi 1979
Nimefungua bucha mapema. Nimepangusa meza, nimenoa visu, nimetundika nyama. Ya shemeji tena. Mafuta yamepenya ndani ya mnofu kama michirizi ya maziwa. Kabla ya adhuhuri imekwisha. Makanika mmoja amerudi mara ya pili: "Mathe, hii nyama ni poa sana. Unaitoa wapi?"

Naitoa kwa Hamisi, mdogo wake marehemu mume wangu. Ndiye anayeniletea ng'ombe tangu nibaki peke yangu na bucha hii ya soko la Burma. Mwaka jana walikuwa mifupa mitupu, nyama ya kutafuna mpaka taya liume. Sasa wamenona ghafla. Mvua haijanyesha. Nyasi hakuna. Wamenoneshwa na nini?

Jumatano, 7 Machi
Nimemuuliza. Eti ni molasi tu, lile rojo tamu la miwa, anawanyunyizia kwenye majani makavu. Akacheka, akatazama pembeni. Hamisi akisema kweli humtazama mtu usoni. Namjua tangu akiwa mwanafunzi.

Viganja vyake vinanuka kama mkojo uliolala. Molasi hainuki hivyo.

Ijumaa, 9 Machi
Mama Mutuku, jirani yangu hapa mtaa wa Ziwani, amenisimamisha bombani. Mwanawe anaharisha. Walikula nyama yangu juzi. Hakunilaumu, alisema tu. Heri angenilaumu.

Nyumbani tumekula maharagwe. Binti yangu Zuhura ameuliza kwa nini mwenye bucha anakula maharagwe. Nimemwongezea maharagwe. Na wateja nimewauzia kama kawaida. Najichukia.

Jumapili, 11 Machi
Nimekwenda Njiru kwenye boma la Hamisi bila kumwambia. Pipa la molasi lipo, hilo hakudanganya. Nyuma ya pipa, gunia. Mkewe Rukia alilitupia turubai haraka. Nikalifunua. Chembe nyeupe. Gunia la mbolea! Mbolea ya mahindi! Anawalisha ng'ombe, nasi tunawala.

Hamisi akaja mbio. "Shemeji, si sumu. Ni kidogo tu. Tumbo la ng'ombe linaigeuza ikawa mnofu."
"Mbona ulinificha?"
"Ungekubali?"

Nimeondoka bila kuaga. Chai ya Rukia sikuigusa. Chembe chache nimezifunga kwenye ncha ya leso.

Jumanne, 13 Machi
Nimempelekea daktari wa mifugo zile chembe. Jina la mtu sikutaja. Amenusa, akasema ni yurea. Wafugaji wapo wanaoitumia. Ikipimwa na kuchanganywa vizuri ng'ombe hunenepa, na nyama yake haina neno. Ikizidi, ng'ombe huvimba na kufa papo hapo.

Mtoto wa Mama Mutuku amepona. Kumbe watoto wengi wa mtaa waliharisha, hata wasioonja nyama. Ni maji ya bomba, si nyama.

Ningefurahi. Sifurahi. Hamisi ni mtu wa haraka. Nani anampimia kule Njiru?

Alhamisi, 15 Machi
Mvua kubwa imenyesha usiku kucha. Ya kwanza mwaka huu.

Asubuhi Hamisi ameleta nyama kwa mkokoteni, sijafungua hata mlango. Haina muhuri wa bwana afya. Nyeusinyeusi. Nimebonyeza, damu ikachuruzika kwenye mishipa. Mnyama aliyechinjwa akiwa hai humwaga damu yake. Nimekaa na nyama miaka mingi, sidanganyiki.

"Huyu alichinjwa akiwa hai?"
"Tulimuwahi, shemeji."
"Apa."

Hakuapa.

Kibudu. Alitaka nilishe watu kibudu, Waislamu na Wakristo, kwa jina la kaka yake. Nimemimina mafuta ya taa juu ya nyama yote asije akaipeleka kwingine. Amepiga kelele kwamba bucha ni ya kaka yake, si yangu, atanitoa. Burma nzima imesikia.

Jumamosi, 17 Machi
Bucha imefungwa. Rukia amekuja, macho yamemvimba. Amesema yote. Mvua ilijaza mabirika ya kulishia, yurea ikayeyuka, ng'ombe wakayanywa yale maji. Wamekufa wanne. Mmoja ndiye niliyeletewa. Hamisi amejifungia ndani, hataki kula.

Rukia nimemwonea huruma. Hamisi bado. Nimeuliza wale watatu wako wapi. Wamezikwa, amesema. Nimemwambia anionyeshe.

Hakukasirika. Tumekwenda. Shimo lipo, udongo bado mbichi, nzi wamejaa. Nimemkumbatia pale pale, tukalia wote wawili.

Jumatatu, 26 Machi
Nimefungua tena. Jana Hamisi alikuja na wazee wawili wa msikitini, akaomba radhi. Radhi nimempa. Imani sijampa, na nimemwambia hivyo mbele yao.

Alfajiri nimekwenda mwenyewe machinjioni. Ng'ombe wa Hamisi, mwembamba, wa majani matupu, ametembea kwa miguu yake mpaka kwenye kisu. Nimesimama mpaka damu ikakoma. Bwana afya akagonga muhuri.

Nyama ni ngumu. Wateja wamenung'unika, nimewaambia waichemshe sana.

Kule machinjioni Hamisi alikuwa upande wa pili wa ng'ombe muda wote. Mwishoni aliniuliza jambo moja tu, kama kesho nitakuja tena.

Nimesema nitakuja.

Akaitikia kwa kichwa, akainama kuchuna ngozi.