Michongoma Iliyotembea

Kiwanjani, Isiolo

Mpendwa baba,

Nina habari ambayo siwezi kukaa nayo, hata kama umetangulia. Ni ile michongoma ya mpakani, kwenye shamba letu la mlimani. Mzee Kirimi hakuihamisha.

Unakumbuka mvua za sabini na saba, korongo la nyuma ya nyumba liliponguruma? Ulinivuta tukapanda kando, tukaangalia tope likishuka na mawe makubwa na migomba mizima, mbio kuliko ng'ombe waliotishwa. "Usikimbie mbele yake," ukasema. "Hii haina breki." Niliogopa, lakini, baba, nilifurahi vibaya.

Sasa niko chuo cha ualimu, na kumbe mambo haya yana majina. Ardhi inayotiririka hupangwa kwa kuangalia imebeba nini, ina maji kiasi gani na inakwenda kwa kasi gani. Lile poromoko la korongoni ni la mawe na tope, la mbio. Kuna la udongo mfinyanzi, zito kama uji wa wimbi, linalojikokota siku nyingi. Halafu kuna lile mwalimu analoliita mnyato: udongo wa juu unashuka polepole, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuuona. Unaona tu nguzo zilizolala na mashina yaliyopinda. Nilisimama kabla hajamaliza. Michongoma yetu yote imeinamia bondeni.

Wewe ulikuwa ukipima mpaka kutoka ukutani, na nyumba ile imekaa juu ya mwamba, haisogei. Ukaona ua unakuja, ukamwambia Mzee Kirimi, aliyelima juu yetu na aliyekuwa rafiki yako tangu jandoni, "Unaniibia shamba usiku." Hukumsalimia tena hadi ukafa. Alipokuja mazishini, mama alimrudisha getini.

Jumamosi nilienda kwake. Nilimshika mkono, nikamtembeza kwenye ua, nikimweleza mbio mbio mpaka pumzi ikaniishia. Alipapasa shina moja lililopinda.

"Kwa hivyo alikufa akijua mimi ni mwizi," akasema.

Nilimwambia mama yote, naye amelia, kisha ameniagiza nimlete kwenye kaburi lako kesho asubuhi. Mzee anasema atakugombeza kwanza, halafu ndiyo akusalimie. Baba, safari hii mwitikie.

Ni mimi, kifungua mimba wako