Ule Mstari Mmoja

Malaba,
Jumatano, 15 Juni 2022.

Mpendwa dada Brigid,

Mko wazima huko Mombasa? Mguu wako umepona, ama bado unachechemea? Sisi tunapumua, Mungu anatushika, ingawa tangu Jumapili mimi situlii hata nikikaa.

Mtoto bado hana jina. Si unajua kwetu nyanya ndiye anachovya kidole kwa pombe ya wimbi, anamtia mtoto mdomoni akiita jina, na akinyonya limeshika? Sasa mama mkwe alirudi kutoka matanga Tororo na kikohozi. Mume wangu Omoding akampeleka zahanati Jumamosi apimwe korona, kile kipimo cha haraka cha kuchokora pua. Ukatoka mstari mmoja: hana. Basi Jumapili wageni wakafika, pombe ikawa tayari.

Lakini dada, alikuwa anakohoa! Nikamfunika mtoto, nikasema tungoje. Mama mkwe akaniuliza mbele ya watu, "Aguti, kwani kidole changu kina sumu?" Wazee wakacheka na mirija yao ya pombe mdomoni. Omoding naye, "Kipimo kimesema hana. Wewe umekuwa maabara?"

Nililia. Mwishowe nikampa ambebe tu, bila kidole.

Jumatatu nikaenda kwa nesi. Akanieleza kwamba kile kipimo kikisema unao, amini. Kikisema huna na unakohoa, usishangilie, pengine ugonjwa haujajaa puani, unapimwa tena baada ya siku mbili. Nikamwambia mama mkwe nikijua atanifukuza. Akajifunga leso: "Twende wanichokore tena." Mstari wa pili ukatoka. Umefifia, dada, lakini upo.

Sasa amejitenga kwa nyumba yake, chakula namwekea mlangoni. Hana hasira tena, ana haya tu. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jana wakampima mtoto. Mstari mmoja. Omoding akashukuru Mungu kwa sauti, lakini mimi nikauangalia nikaona ni uleule uliotudanganya Jumamosi. Kila saa namshika paji, naweka sikio kifuani. Ananyonya kwa nguvu na hana joto, kwa hivyo nina tumaini. Kesho tunarudi kupimwa, mimi na yeye. Utuombee.

Wasalimie shemeji Robinson na Sharlyne wangu, mwambie gauni lake nalimalizia. Mama wa kwetu anawasalimu sana.

Nimesahau: leo asubuhi nikianika nepi, mama mkwe ameita dirishani na sauti yake iliyokauka, "Echodu!" Ni jina la marehemu mzee wake. Mtoto akageuza kichwa, nikacheka nikilia.

"Hilo la dirishani halihesabiki," akasema. "Kidole nitakileta nikipona."

Nimemwambia tutangoja.

Mungu awafunike nyote na shuka lake.

Mdogo wako akupendaye,
Aguti