Anza Nyuma ya Gari

Kiprono mjukuu wangu,

Huku Olenguruone hatujambo. Viazi vimetoka vizuri na goti la mamako limepoa.

Unauliza utajuaje kama hiyo gari ya zamani unayotaka kununua ilikimbia mashindano ya rally kweli. Hilo nalijua. Nikiwa msichana, moja ilikwama kwa matope karibu na shamba letu, tukaisukuma. Mwenzake dereva alipanda nyuma, akakanyaga vyuma vilivyochomelewa kando ya bampa, akaruka-ruka mpaka magurudumu yakashika. Gari za rally ziliwekewa vyuma hivyo, na hata vikikatwa na kupakwa rangi, kovu hubaki. Inama upapase.

Muuzaji atakupeleka mbele ukaone taa za mashindano. Wewe anza nyuma. Waliopiga makofi waliona mbele. Nyuma tunaijua sisi tuliosukuma.

Kogo wako