Gambuti za Mama Yako ni Mpya

Biharamulo Mjini,
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Ernesta,

Marahaba. Shikamoo yako niliipata kwenye ujumbe wa Jumatano iliyopita, naijibu leo kwa sababu nilikuwa safarini. Habari za Dodoma? Mumeo hajambo? Wajukuu zangu wanaendeleaje, na yule mdogo kifua kimetulia? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linaniuma asubuhi na kuacha baada ya chai. Mvua huku zinanyesha vizuri, na barabara ya Ngara inapitika.

Habari yenyewe ni hii: mama yako hahami. Alilisema jana mchana nyumbani kwake Rulenge, tukiwa tumekaa barazani yeye, mimi na jirani yake Rozina, akaniagiza nikuandikie kama alivyosema, nisipunguze wala nisiongeze. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu wewe unalia na yeye anakata.

Uliniomba niende kumtazama baada ya ile picha aliyoituma kaka yako Gozbert kwenye kundi la familia: mama yako yuko gulioni, gambuti miguuni, kanga kiunoni, juu amevaa fulana ya kampeni ya chanjo, ameinama kwenye rundo la mitumba. Ukaniandikia, "Mama mdogo, huyu siyo mama ninayemjua. Huyu ni mtu aliyejikatia tamaa." Ukasema chumba chake huko kwako kimeshapakwa rangi, na kwamba Januari lazima awe Dodoma. Mimi kazi yangu ya utangazaji redioni ilinizoesha kutoiamini picha kabla sijafika ilipopigwa. Nikaenda Ijumaa, nikarudi jana jioni.

Nianze na kabati, maana nami nilianzia hapo. Suti hazipo. Ya bluu, ya kijivu, ile ya damu ya mzee aliyovaa kwenye mahafali yako, zote zimeondoka. Imebaki nyeusi moja ya misiba. Nikamuuliza zimekwenda wapi.

"Zipo kazini," akasema. "Mimi ndiye niliyestaafu, zenyewe bado."

Amempa Kwandu, mwalimu mgeni aliyetoka Shinyanga kuripoti shuleni na sketi mbili. Nilimwona jana kanisani na ile ya damu ya mzee. Imepunguzwa kiuno na inamkaa vizuri. Rozina anasema wanafunzi wa darasa la sita wakiona sketi ile ikipita dirishani wanakaa kimya kwanza, ndipo wanatazama ni nani aliyeivaa.

Sitakuficha kwamba kulikuwa na wakati mbaya, ila ulipita bila wewe kujua. Alistaafu mwanzoni mwa Julai. Julai yote na Agosti yote aliamka, akavaa suti, akafunga vifungo vyote, akavaa viatu vya kisigino, akakaa barazani na kikombe cha chai. Hakuwa na pa kwenda. Ila alikuwa amevaa nguo za kazi miaka yote, na za nyumbani hakuwa nazo isipokuwa za kulalia. Rozina ndiye aliyenieleza, na mama yako alikuwepo, hakukanusha. Wapita njia walikuwa wakimwuliza, "Mwalimu, safari?" Naye anajibu, "Bado kidogo." Wakati ule ungekuwa na haki ya kuogopa. Lakini Gozbert alituma picha yake ya Agosti akiwa kwenye suti ya kijivu, na sisi sote, mimi nikiwemo, tukaandika kwamba amependeza na kustaafu kumemkubali.

Hali ile ilikoma Septemba, mvua ya kwanza iliponyesha. Rozina alipita na jembe begani akamwuliza kama kawaida, "Mwalimu, safari ya leo ipo?"

"Ipo," mama yako akasema. "Nakwenda shambani kwangu."

Akashuka na suti yake mpaka kwenye migomba. Kisigino kikazama. Alipovuta, mguu ulikuja na kiatu kikabaki. Rozina anasema yeye mwenyewe alicheka mpaka akaketi kwenye tope, na mama yako akamkazia lile jicho la mwalimu mkuu unalolijua, kisha naye akaanza kucheka, akashindwa kusimama kwa mguu mmoja. Siku ya gulio iliyofuata alinunua gambuti. Ni mpya, Ernesta, za dukani. Ulichokiona kwenye picha ni udongo.

Jumamosi asubuhi nilifuatana naye gulioni. Wewe umezoea kumwona amevaa, hukuzoea kumwona ananunua, na hukukosea, kwa sababu hakuwa akinunua mbele za watu. Mwalimu mkuu hawezi kuinama kwenye rundo huku wazazi wanampita. Blauzi zake za mtumba nilimchagulia mimi hapa Biharamulo na kumpelekea. Nyingine alizinunua ofisini, kwa mchuuzi aliyekuja na begi kila mwisho wa mwezi. Mkuu akichukua, na walimu wanachukua. Mkuu akikataa, mchuuzi amepoteza nauli. Basi alichukua. Nusu ya kabati lile ilijazwa kwa kumwonea mtu haya.

Sasa anainama mwenyewe. Anashika kitambaa kwa vidole, anaigeuza nguo ndani nje, anatazama mshono wa kwapa kabla ya kutazama rangi. Muuzaji ni mama mmoja wa Kisukuma, mnene, mwenye sauti ya kufika stendi.

"Mwalimu, unachagua au unasahihisha?"

"Nasahihisha. Hii imefeli, tazama kwapa."

"Na hii?"

"Hii irudie darasa."

"Mwalimu utanifungia shule yangu! Jamani, nani mwingine amestaafu aje anunue bila maswali?"

Watu wakacheka, na mama yako akacheka nao bila kuinua kichwa. Nilimwonyesha gauni moja la hariri, la rangi ya kahawia, zuri kweli. Akalishika, akalirudisha. "Zuri," akasema. "La kwenda wapi?" Akanunua blauzi moja ya pamba, tukarudi.

Vile vitenge walivyompa walimu siku ya kumuaga, alivipeleka kwa Aline, fundi wa Kabanga, yule ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Aline alitaka kumshonea gauni pana la mabega yaliyosimama, kama wanavyoshonewa wanawake wote wakifika umri ule. Mama yako akasema sawa, gauni, lakini mabega yalale na kuwe na mifuko miwili mirefu, ya kuingia kiganja kizima.

"Mifuko kwenye kitenge?" Aline akamwuliza. "Mwalimu, unakwenda kuuza mayai?"

"Nitie miwani, simu na kisu cha kukatia majani ya migomba."

Aline alishona huku ananung'unika. Tangu hapo wamemfuata wastaafu wengine, muuguzi mmoja na karani wa mahakama, wanataka gauni lenye mifuko kama ya mwalimu. Ile pochi kubwa ya mama yako imetundikwa msumarini jikoni na imejaa mbegu za maharage.

Sasa magauni unayomtumia wewe. Yapo matatu, yamekunjwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Ni ya thamani na rangi zake anazipenda, alinitajia moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba yote yana zipu mgongoni. Tangu baba yako Juvenali afariki hakuna mtu nyumbani wa kumfunga zipu. Jumapili ya Pasaka alilivaa lile la kijani. Alitoka nyumbani mgongo wazi, amejitanda kanga, akaenda hadi kwa Rozina akafungwe, ndipo akaenda kanisani. Jioni akarudi tena kwa Rozina akafunguliwe. Hakulivaa tena. Na hakukwambia kwa sababu alijua utasema, "Unaona? Huwezi kukaa peke yako." Mtumie nguo yenye vifungo mbele, na kabla ya kununua mwulize.

Jambo lililoamua yote lilitokea Jumamosi hiyo hiyo mchana. Tulikuwa tumetoka gulioni, yeye amerudi shambani kuweka samadi kwenye migomba, mimi nimekaa barazani. Akaja bwana mmoja na pikipiki, amevaa shati jeupe. Mama yako akatoka migombani na beleshi mkononi.

"Shikamoo mama," yule bwana akasema. "Mwenye nyumba yupo?"

"Marahaba. Yupo."

"Naomba uniitie."

"Subiri."

Akasimamisha beleshi ukutani, akaingia ndani. Nilimsikia akinywa maji. Akatoka vilevile, gambuti zile zile, kanga ile ile.

"Karibu. Mwenye nyumba ni mimi. Ulikuwa unasema?"

Yule bwana alimtazama miguuni, akapandisha macho, akayashusha tena. Akasema amehamishiwa Rulenge kikazi, na kwamba Gozbert amemwambia nyumba hii itakuwa wazi Januari, basi amekuja kuona vyumba.

"Gozbert ni mwanangu," mama yako akasema. "Nyumba ni yangu, na nimo ndani yake. Pole kwa safari, baba. Kunywa maji ndipo uende."

Akampa maji, akamsindikiza hadi njiani kama mgeni yeyote. Aliporudi hakucheka. Mimi nilikuwa tayari kucheka, nikaacha. Alichukua beleshi akarudi migombani hadi giza likaingia, na alipopanda barazani aliuliza swali moja tu: "Ernesta anajua?" Nikamjibu kwamba sijui, na kweli sijui. Kama ulijua, mwambie mwenyewe. Kama hukujua, basi ndiyo hivyo, nyumba ya mama yako ilishaanza kupangishwa kwa sababu ya picha moja.

Jana baada ya kanisa ndipo aliposema. Nayaandika maneno yake: "Mwambie Ernesta, toka nianze kazi nilivaa kwa ajili ya macho ya watu, na sikuona vibaya, ilikuwa kazi. Sasa navaa kwa ajili ya kazi yangu mwenyewe. Akiona nguo yangu imechakaa, aiulize nguo, asihamishe mtu. Namshukuru kwa chumba. Sihami."

Rozina akadakia, "Na akihama, mimi nitamcheka nani?" Mama yako akamwambia anyamaze, haya ni ya familia. Rozina hakunyamaza, na wala hakuondoka.

Unaweza kuuliza mimi nimeona nini. Nimeona mtu anayekula vizuri na kulala mapema. Presha amepima mwezi huu, kadi nimeitazama, iko sawa. Migomba yake ni safi kuliko ya majirani, na maharage yametoka vizuri. Amepungua mwili kidogo, kwa kufanya kazi. Peke yake yuko, hilo ni kweli, na usiku mwingine linamsumbua, alikiri mwenyewe. Lakini kukaa kwake peke yake ni jambo moja na gambuti ni jambo lingine, na wewe uliyachanganya. Uliona mwalimu mkuu amevua suti, ukadhani amevua na akili.

Gozbert nilimpitia dukani kwake hapa mjini jana jioni niliposhuka kwenye gari. Alisema alidhani anakusaidia wewe. Nilimwambia ampigie yule bwana wa pikipiki mbele yangu, akapiga, akamwomba radhi. Leo atakwenda Rulenge kumwomba radhi mama yake, na nimemwambia asiende mikono mitupu, apeleke kilo mbili za misumari, maana banda la kuku linabomoka. Usimgombeze sana. Picha aliituma yeye, lakini barua ya kuhamisha mtu uliiandika wewe.

Msalimie mumeo, mwambie ile dawa ya goti aliyonitumia nimeimaliza na ilisaidia. Wabusu watoto. Ukionana na shangazi yako Secilia huko Area D, mwambie bado nadai sahani yangu. Huku Rozina anakusalimu, na Kwandu naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema anavaa suti ya mahafali yako kwa adabu.

Mwisho, kuja Dodoma mama yako anakuja. Anataka kukiona hicho chumba, kuwaona wajukuu, na kwenda nawe sokoni mkachague kitambaa, achague yeye. Alhamisi tarehe 5 Desemba alfajiri atapanda basi Ngara, umpokee stendi usiku huo huo, na atakuwa amevaa gauni lenye mifuko. Tiketi ya kurudi ameshaikata pamoja na ya kuja. Ni ya Jumamosi tarehe 21, kwa sababu wiki inayofuata maharage yanaanza kung'olewa.

Mungu awatunze wote mliomo humo ndani, na amfikishe salama.

Mimi mama yako mdogo nikupendaye,

Petronila