Mkono wa Gurudumu la Kushoto

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za mama zilizo nyingi kuliko zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na kulala vizuri, ingawa najua hilo la pili ni gumu. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea bila fimbo, ila magoti humkumbusha umri akikaa sana. Mimi nashona kama kawaida, na mdomo wangu bado unakwenda sambamba na mashine, kwa hiyo jina mlilonipa halijanitoka.

Kaka, tangu tumzike mdogo wetu Mbayuwayu hujakanyaga hapa. Hatukulaumu. Nilikuona siku ile umesimama mbali na kaburi, kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa jirani, na nilijua sababu. Kwenye uwanja wa mashindano ya magari watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba gurudumu la kushoto la gari lake limechomoka kwenye kona kwa kuwa kiungo kimeachia. Na aliyekiunga ni wewe.

Nakumbuka ulivyoutengeneza ule mkono wa kulishikia gurudumu. Bomba lilikuwa la chuma kigumu, mlilolitoa kwenye mashine mbovu, na vibamba vya kulifungia vilikuwa vya chuma laini. Ulimwambia Mbayuwayu wetu kwamba vyuma vya tabia mbalimbali havipatanishwi kwa haraka. Ulivipasha moto kwanza, ukavichomelea kidogo kidogo, kisha ukaufukia mkono mzima kwenye pipa la majivu upoe taratibu. Naye akalizunguka lile pipa kutwa kama paka jikoni, akikuuliza kama unachomelea au unaoka mkate. Ulimjibu kwamba mwenye haraka akashindane kwa miguu.

Tangu utoto alikuwa hivyo. Unakumbuka alivyoyachana majalada ya madaftari yake ili mkoba uwe mwepesi akikimbia kwenda shule? Mama alimchapa, naye huku analia akasema lakini amefika wa kwanza.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Mama alichoka kuliona lile gari nyuma ya nyumba chini ya turubai, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba yule bwana aniachie ule mkono, vipande vyote viwili. Sikuwa na nia yoyote. Niliona tu kwamba ulipita mikononi mwenu nyote wawili. Niliufunga kwenye kitambaa, nikauweka chini ya meza yangu ya kushonea, ukawa unanigonga mguu kila nikikanyaga pedali. Mwishowe nikaupeleka kwa Mzee Cheche, yule aliyekufundisha kazi.

Alikata kipande penye kiungo, akakisugua kwa msasa hadi kikang'aa, akapaka tindikali, akakitazama kwa lenzi. Kisha akanipa na mimi nitazame. Alisema vyuma vile vimeshikana hadi ndani, hakuna ufa. Alisema laiti ungekuwa unaunga ndoa za watu, mahakama zingefungwa. Halafu hakucheka tena. Akanionyesha mahali mkono ulipokatikia.

Kaka, haukukatikia kwenye kiungo. Ulikatikia katikati ya bomba, penye tundu. Upande wa chini, usioonekana, kuna mstari wa matundu yaliyotobolewa kwa drili, na rangi imepakwa juu yake. Wewe hukuyatoboa. Mzee Cheche alisema hiyo ni kazi ya mtu anayepunguza uzito wa gari. Hapo nikakumbuka kwamba siku chache kabla ya mashindano nilifagia karakana yenu, nikakuta chini ya meza chembe za chuma zimejikunja kama nywele za mtoto. Nilidhani ni zako.

Sikujua nimwambie mama nini. Kukufungua wewe ni kumfunga mdogo wetu, naye hayupo kujitetea. Mwishowe nilimweleza, nikamwekea vile vipande mapajani. Mama alipitisha kidole kwenye kila tundu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe amechana tena majalada. Akalia kilio ambacho hakulia hata msibani. Alipotulia aliniambia nishike kalamu, maana mtoto mmoja tumemzika, na huyu wa pili anajizika kila siku akiwa hai.

Nisisahau: bawaba ya geti imekatika. Fundi wa mtaa wa pili alikuja na mashine yake, mama akamrudisha, akasema geti hili lina fundi wake. Tunalifunga kwa waya, na majirani wanatucheka kwamba tunafuga mbuzi. Kofia yako ya kuchomelea nimeipangusa vumbi. Ipo msumarini pake.

Wasalimie wote unaoishi nao. Mama anasema usihangaike kujibu barua hii, uje tu.

Ni mimi mdogo wako,
Cherehani