Nani Atamsuka Nyemo

Jumatatu, 4 Novemba

Nimetoka kazini nikapita mlango wa baa bila kugeuza shingo. Joel, tunayekaa naye chumba kimoja ofisini, ameniita mpaka sauti ikamkauka. Nyumbani Nzuguni, hapa Dodoma: chai, mkate, kiti. Nimefunga kamba za katani mgongoni mwa kiti, nikasuka, nikafumua, nikasuka tena. Kiti kimevumilia.

Sababu naijua, ila niiandike. Tangu mama yake afariki, binti yangu Nyemo anakaa Kongwa kwa bibi yake. Ana miaka minane. Mwezi uliopita nilimwomba mama mkwe nimchukue, Januari aanze shule huku. Hakukataa. Aliuliza tu: "Baba Nyemo, hapo kwako nani atamsuka?" Ndugu wote walielewa ananiambia nioe kwanza. Mimi nikajibu: mimi. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 7 Novemba

Dada Rehema, mwenye saluni kule Nkuhungu, amekubali kunifundisha jioni. Wateja wake wananitazama kama mwizi. Leo ni kugawa nywele kwa mkia wa kitana. Mstari wangu umepinda kama njia ya ng'ombe. Rehema kasema niache kuzishika nywele kana kwamba zinataka kukimbia. Vidole vinauma.

Jumanne, 19 Novemba

Jioni ni ndefu. Hili hakuna aliyenionya. Ukiacha bia unabaki na jioni nzima mkononi na hujui uiweke wapi. Nimesuka kiti. Nimesuka nyuzi za pazia. Ofisini Joel kanibandika jina, Msusi, na leo mkuu wa idara kaniita hivyo mbele ya wageni. Nimekasirika.

Halafu benki, kwenye foleni, nikajikuta nakagua vichwa vya watu. Nani kasukwa vizuri, nani kaibiwa. Naipenda kazi hii. Sikutarajia.

Jumamosi, 30 Novemba

Aibu.

Jana Joel kapandishwa cheo. Moja tu, nikasema. Nimeamka jua liko utosini. Nilikuwa nimeahidi kufika Kongwa asubuhi, nimsuke Nyemo kwa mara ya kwanza. Nimefika alasiri. Bibi yake alishamfumua tangu alfajiri. Mtoto kashinda kizingitini, nywele timutimu, kitana mkononi, hataki kuguswa na mtu mwingine. Nimemkuta amelala pale pale.

Mama mkwe hakunigombeza. Kanipakulia ugali na mlenda, kanikaribisha vizuri. Afadhali angenigombeza. Nimeondoka bila kugusa kichwa cha mwanangu. Nadhani nimempoteza.

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani sikwenda. Baa sikwenda. Basi.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua ya kwanza. Mama mkwe hapokei simu. Yuko shambani anapanda, najiambia. Sijiamini.

Joel kaja mpaka mlangoni kwangu, kabeba chupa. Nimemwambia kaka, sijapumzika kunywa, nimeacha. Kaondoka bila kuniita Msusi. Imeniuma kidogo, maana ndiye rafiki niliyebaki naye.

Kwa Rehema nimesuka kichwa cha mtu hai, bintiye mwenyewe. Hakulia. Rehema kasema naweza mtindo mmoja tu, nisijitie kujua zaidi.

Jumapili, 15 Desemba

Niko Kongwa. Jana nilifika uji haujaiva. Nilimwamkia mama mkwe, akaitikia marahaba na kuendelea kukoroga. Nyemo alinitazama sana. Kisha akaenda ndani akaleta kitana.

Nilimsuka uani. Huo mtindo mmoja ninaoumudu ni twende kilioni: mistari minene ya kwenda nyuma, ile mtu anayosukwa harakaharaka akiitwa msibani. Sikuwaza. Nilifurahi tu kwamba imenyooka. Leo tumeingia kanisani, mtoto kichwa kinang'aa mafuta, na kina mama wakaanza kuja mmoja mmoja kutupa pole. Mmoja kauliza mazishi ni saa ngapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe ndiye aliyecheka, mpaka akashika benchi.

"Hatujafiwa," akawaambia. "Huyu mkwe wangu ndiye kasuka."

Njiani kurudi kaniambia hakuwa anauliza nywele. Saluni zimejaa huko mjini, kasema, hata kipofu ataiona moja. Alikuwa anauliza, jioni mtoto akirudi atamkuta nani nyumbani. Nikamwambia atanikuta mimi. Tulipofika mlangoni akasema nguo za Nyemo ni chache, zitaenea kwenye begi moja.

Jumatano, 8 Januari

Kumwandikisha Nyemo shule huku Nzuguni. Mwalimu mkuu kampokea vizuri, kampa pipi. Kisha kamtazama kichwani. Shule ya Kongwa iliruhusu mistari. Hii hairuhusu. Wavulana kwa wasichana, kipara, kabla ya Jumatatu.

Nilitaka kubisha. Nilitaka kumweleza huyu mama habari za Rehema na kamba za katani. Nikaona nitaonekana kichaa. Nyemo alikuwa ameshatoka kutazama bembea.

Jumapili, 12 Januari

Nimemnyoa mwenyewe, uani. Kwanza nimefumua mistari, taratibu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa mizuri. Kwa mara ya kwanza ilikuwa mizuri kweli, myembamba, ya kuzunguka sikio. Imeniuma, sitajidanganya. Nywele nimezifagia nikazifukia. Nyemo kajipapasa kichwa, kacheka, kakimbilia kwa jirani kujionyesha.

Jioni mvua. Tumekula. Nilikuwa nimekaa tu, mikono haina kazi. Nyemo kaleta kopo la mafuta, kakaa sakafuni kati ya magoti yangu kama jioni zote, kainamisha kichwa. Nikamwambia, mama, leo hakuna cha kusuka. Akasema anajua.

Nikampaka mafuta kichwa kizima, polepole, mpaka akasinzia.