Maua Meupe kwa Vyungu Vyekundu

Kordoba, mwezi wa Aprili

Kwako Bi Fuensanta,

Baada ya salamu, nakuuliza hali ya nyonga yako, na kama mkweo bado anakupikia ile supu isiyo na chumvi. Mimi nipo, nashukuru. Moyo umechoka, na daktari hazungumzi nami tena. Anazungumza na mpwa wangu, mlangoni, kwa sauti ya chini. Ndiyo maana naandika leo. Liko jambo nililokuficha kwa miaka mingi, na sitaki kuondoka nalo.

Barua yako imenitia hofu. Umesema utapanda basi kutoka Jaén, mfupa wenyewe haujaunga, uje kunichagulia maua kabla ya Mei, kwa kuwa mwalimu asiyejua rangi akiachwa peke yake ataitia nyumba nzima aibu. Nimecheka hadi nikakohoa.

Unakumbuka ilivyoanza. Vyungu vyote vya ukutani vilikuwa vya kijani tangu mama yangu yu hai, na kila mwaka, kuta zikishapakwa chokaa, navyo hupakwa upya kabla waamuzi wa mashindano ya Mei ya nyua zenye maua hawajapita. Mwaka ule nikajitolea. Nilishinda juu ya ngazi nikipaka na kuimba, nawe uko kazini posta. Jioni Angustias wa ghorofani akachungulia, akapiga ishara ya msalaba, akauliza kama nyumba imekamilika au bado tunamsubiri fahali wa mchezo wa uwanjani. Majirani wakatoka vyumbani wakacheka. Sikuelewa wanacheka nini. Machoni pangu vyungu vilikuwa vya kijani, kama jana yake.

Ukaingia na mkoba begani. Wengine walitazama vyungu, wewe ukanitazama usoni, ukajua. Ukamwambia Angustias afunge mdomo, mwalimu kachagua nyekundu makusudi, na asiyeelewa asubiri aone maua. Kisha ukaninong'oneza, "Kumbe damu na majani kwako ni kitu kimoja?" Nikakubali kwa kichwa. Hata mama yangu hakuwahi kujua. Nilifundisha Kilatini maisha yangu yote nikisahihisha madaftari kwa kalamu nyeusi, na watu wakadhani ni upole.

Muda wa kupaka upya haukuwepo. Ukasema maua yetu mekundu ya jerani yatamezwa na vyungu, tukayagawa kwa masista wa mtaa wa pili. Ukanishika mkono hadi sokoni, ukaniwekea mche mbele ya macho kama unayemfundisha mtoto kusoma: hii ni nyeupe, mwalimu, hii ndiyo inayopendwa na chungu chekundu, ile ya waridi iache, watagombana kama Angustias na mumewe. Tukajaza ukuta maua meupe. Waamuzi walipoingia, walipita mbele ya ukuta mara mbili. Tulipata tuzo ya pili, na kabla ya chakula cha jioni Angustias alikwishawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake.

Tangu hapo kila Aprili nilikugongea mlango. Ulikuja hata mwaka uliofiwa na dada yako, umevaa nyeusi tupu, ukasema maua hayangoji msiba uishe. Tulikunywa kahawa, ukanitania, ukanichagulia, tukarudi na miche mikononi, udongo umetujaa nguoni. Nakushukuru kwa siri uliyonitunzia na kwa kuyachukua mabegani mwako yale mabezo ya jioni ile. Zaidi ya yote nakushukuru kwa asubuhi hizo. Sikuoa, sikuzaa, lakini sikuwahi kuwa mpweke mwezi wa Aprili.

Msalimie mwanao Rafael na wajukuu. Angustias anakusalimu, anasema tangu uondoke hana mtu wa maana wa kugombana naye. Usihangaike tena na maua. Juzi mpwa wangu alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi sokoni, nikachagua mwenyewe, na vyungu vimejaa. Ukija, uje kuniona mimi, na uje upesi.

Nimezunguka kama mwoga hadi mistari ya mwisho. Zinazonichanganya ni nyekundu na kijani tu. Nyeupe naiona, Fuensanta. Nimeiona siku zote, tangu siku ile ya kwanza sokoni, uliponishika mkono.

Wako,
Eulogio